Meno ya Mbwa

Wiki ya nane mdomo wake ulikuwa mkasi.
Ya juu yaliyapita ya chini kwa unene wa ukucha,
yakafungana kimya, kama bawaba iliyotiwa mafuta.
Nikampigia simu Zahran, Maskati:
"Huyu ndiye. Huyu atasimama Abu Dhabi."
Akasema, "Mpe jina basi."
Nikamwita Tarfa.
Tangu matanga ya Baba ndiyo mara ya kwanza
kuongea sisi wawili
bila ya kutaja zamu za maji ya falaji.

Mwezi wa nne meno ya maziwa yakaanza kumwagika.
Moja mkekani, mawili kwenye bakuli lake,
moja ndani ya kiatu changu cha msikitini,
makali, madogo, kama chenga za mchele.
Ruqayya akayaweka katika kopo la iliki.
"Ya nini hayo?"
"Sijui. Ya wanetu tuliyarusha juu ya paa,
na leo hata paa lile silo letu."

Mwezi wa tano nikamfunua midomo kwa kurunzi.
Taya la juu limeshika njia peke yake.
Njiti ya kiberiti ikapita baina ya meno
bila ya kugusa huku wala huku.
Na chonge ya chini, ya kushoto,
kila akifunga mdomo inachoma kaakaa,
imeshachimba kishimo chekundu
cha kutosha punje ya mtama.

Watu husema meno ya mbwa hayaumani.
Aliyesema hakumfungua mdomo
saluki wa miezi mitano, Bidiya, saa sita ya mchana,
mchanga unapuliza, na mbwa hataki.

Sikumwambia Zahran.
Niliandika kwenye daftari la skuli la binti yangu,
nyuma ya hesabu za kugawanya:
*njiti moja.*
*njiti moja na unywele.*
*njiti moja na unywele.*
Kisha nakwenda kukosha mikono,
mara saba, moja kwa udongo,
na kila nikisugua najiuliza
namficha nani, mbwa au ndugu.

Daktari Shaima wa Ibra alimtazama kwa muda mfupi.
"Mataya hayakui kwa saa moja," alisema.
"Moja hutangulia likasimama.
La pili huja kwa miguu yake.
Pengine linafika. Pengine linapitiliza.
Usivute. Usimpe kamba ya kung'ang'ania.
Hiyo chonge niachie mimi, tutaitazama.
Mengine ngoja."
Nikamuuliza kungoja ni shilingi ngapi.
Hakucheka. Alikuwa na mbuzi mlangoni.

Nikangoja.
Tarfa akarefuka miguu, akawa ngazi yenye masikio.
Akajifunza kusimama, mkia chini, shingo juu,
kama bibi harusi anayetazamwa na mawifi.
Mdomo ukifungwa, hana ila.

Ijumaa moja gari la Zahran likaingia uani
bila ya hodi.
"Miezi mitatu kimya," alisema.
"Wewe ukinyamaza kuna kitu kinaota."
Akapiga goti mchangani na kanzu yake nyeupe,
akatia kidole gumba ufizini, taratibu,
kwa mkono wa Baba: sikujua kama aliurithi yeye.

"Njiti?"
Nikampa kiberiti.
Vichwa vyetu viwili juu ya mdomo mmoja,
pumzi ya mbwa ikinuka maziwa na samaki mkavu.
Njiti ikaingia, ikasita, ikakwama.
"Nusu," alisema.
"Nusu," nilisema.
"Mkasi haujawa."
"Haujawa. Bado anakua."

Tukenda mferejini kukosha mikono,
mara saba, moja kwa udongo.
Saa ile maji yalikuwa ya zamu yake.
Alisogea kidogo, nikapata pa kuchutama.